Panya Mwenye Zamu ya Alfajiri

Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapo wafanyakazi wanaoamshwa kabla jua halijakolea, wakapakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mikiani, wakavishwa mikanda midogo kifuani, kisha wakapelekwa uwanjani kujifunza kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wakipatia, hulipwa ndizi au karanga. Wakizeeka, hustaafishwa na kuendelea kutunzwa hadi kufa kwao. Wafanyakazi hao ni panya buku, na shirika linalowafundisha, APOPO, lilianzia Ubelgiji mwaka 1997 na kuanza kazi yake Morogoro mwaka 2000. Kila nilipomsimulia mtu habari hizi hapa Dar es Salaam, alivumilia hadi nilipofika kwenye mafuta ya jua, kisha akacheka, na mimi nimekuwa nikikifikiria kicheko hicho kuliko hata panya wenyewe.

Hakikuwa kicheko cha ujinga. Ukimdadisi anayecheka, utamkuta anakubali kabisa kwamba mafuta yale yana sababu. Panya buku ni mnyama wa usiku. Masikio yake ni mapana na hayana manyoya ya kuyalinda, ilhali kazi ya mabomu haina budi kufanyika kukiwa na mwanga, kwa kuwa binadamu wanaomwongoza kwa kamba lazima waone wanapokanyaga. Kwa hiyo hupelekwa kazini mapema, na hupakwa mafuta ili asiungue. Uzito wake, ambao kwa kawaida ni kilo moja na ushei, hautoshi kulipua bomu la ardhini. Pua yake hutambua harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya mabomu, na kupuuza misumari, makopo na vyuma chakavu, ambavyo kila kimoja hukipigisha kelele kifaa cha kutambua chuma, na ndiyo maana anaweza kumaliza eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa dakika 30, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa hicho hadi siku 4. Fuata sababu hizo moja baada ya nyingine, hutakuta hata hatua moja ya kipuuzi. Rudi nyuma uitazame picha nzima, panya kavaa mkanda na kupakwa losheni, na kituko kipo palepale.

Nimefikia kuamini kwamba kituko cha namna hii hakitokani na upungufu wa maana, bali na maana kuzidi. Kitu kimoja kimeandikwa katika madaftari mawili, hesabu za kila daftari ni sahihi, na hakuna njia ya kuzijumlisha. Watu wa elimu wana tabia ya kulifunga daftari la mtaani na kuliita ushirikina au uzembe wa fikra. Watu wa mtaani nao hulifunga daftari la elimu na kuliita mambo ya wazungu. Ninachotaka kukitetea hapa ni uvumilivu wa kuyaacha yote mawili wazi, hata kama matokeo yake ni kucheka.

Daftari la kwanza la panya kila mkazi wa jiji hili analo nyumbani kwake. Ninakoishi, upande wa Mwananyamala, ni nadra asubuhi kupita bila mchuuzi mwenye spika begani, sauti iliyorekodiwa ikirudia bila kuchoka dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, hadi watoto wanaokwenda shule wanaiimba pamoja naye kama wimbo wa darasani. Hakuna anayemwona mchuuzi huyo kuwa mkatili. Panya hutoboa gunia la mchele, hutafuna waya wa jokofu, na hukojoa mahali ambapo mtoto atapitisha mkono. Mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, baadhi wakafariki, na uchunguzi ulipokamilika ikabainika kuwa ni homa ya mgunda, inayoambukizwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Huko Lushoto, kuanzia mwaka 1980, tauni ilirudi na kurudi tena kwa miaka mingi, ikibebwa na viroboto wa panya kama ilivyobebwa Ulaya ya kale. Lugha yetu nayo imeshatoa hukumu: bidhaa za magendo hupita njia za panya, na vijana waliowahi kulitia jiji hili hofu kwa mapanga waliitwa Panya Road. Kwa ushahidi huo wote, dawa ya mchuuzi ni haki.

Daftari la pili limeandikwa kwa makohozi ya watu wa mtaa huohuo. Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekigundua kimelea cha kifua kikuu, njia ya kukiona ilikuwa kukitia rangi na kukitazama kwa hadubini, na kwa zaidi ya karne moja zahanati nyingi duniani zimeendelea kutegemea njia hiyo. Udhaifu wake unajulikana. Vimelea wakiwa wachache katika sampuli, hupita bila kuonekana, na mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi inayosema kwamba hana kifua kikuu, akaendelea kukohoa ndani ya daladala iliyofunga madirisha kwa sababu ya mvua. Ndipo panya buku alipoingizwa katika kazi ya afya. Sampuli ambazo tayari zimepimwa katika vituo vya Dar es Salaam na Morogoro hupashwa moto ili kuua vimelea, zikapangwa chini ya kisanduku kirefu chenye matundu sakafuni, naye panya hupita akinusa tundu baada ya tundu. Anapopita moja kwa moja, maana yake hana neno. Anaposimama juu ya tundu kwa sekunde 3 hivi na kukwaruza, anadai kuna ugonjwa. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20; mtaalamu mwenye hadubini huhitaji hadi siku 4.

Katika utaratibu huo imo kanuni moja ambayo naiona kuwa ya ajabu kuliko mafuta ya jua, ingawa sijawahi kumwona mtu akiicheka. Panya hufundishwa kwa malipo: akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula. Sasa, ili mwalimu ampe chakula, ni lazima mwalimu mwenyewe ajue jibu, na kwa hiyo miongoni mwa sampuli huchanganywa zile ambazo hospitali imekwishathibitisha kuwa zina kifua kikuu, na kwa hizo tu ndipo panya hulipwa. Anapokwaruza kwenye sampuli ambayo hospitali iliipitisha kuwa salama, hapati hata punje ya karanga, kwa kuwa wakati ule hakuna binadamu anayejua kama amepatia au amekosea. Kwa maneno mengine, panya hulipwa kwa kutuambia tunachokijua, na hufanya bure kazi ile moja tuliyomwajiri kwayo, yaani kutuambia tusichokijua. Ninawafahamu watafiti na waandishi ambao wangeisoma sentensi hiyo na kudhani ninawazungumzia wao.

Nilimweleza jambo hili mzee mmoja, jirani yangu aliyestaafu utumishi wa umma, naye badala ya kucheka aliuliza swali la kiofisi kabisa. "Kijana wangu, huyo panya akikosea, anayeandikiwa barua ya kujieleza ni nani?" Swali lake lina uzito, na jibu lake limo katika utaratibu wenyewe. Neno la panya si la mwisho. Kila sampuli aliyoikwaruza hurudishwa kwa mtaalamu, ambaye huitazama upya kwa njia za maabara zinazokubalika, na ni baada ya kuthibitishwa ndipo mgonjwa hutafutwa na kuitwa aanze dawa. Panya ameinua mkono tu. Anayesimama na kusaini ni binadamu. Kwa hesabu za shirika lenyewe, njia hii imeongeza idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa kwa takriban asilimia 40 katika vituo linavyoshirikiana navyo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba katika ofisi yake ya zamani walikuwapo watu ambao hawakuwahi kuinua mkono kwa miaka yote ya utumishi wao, na walistaafu na pensheni kamili.

Dunia ilipotaka kumheshimu panya, ilijikuta katika tatizo la kushona. Septemba 2020, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimtunuku nishani ya dhahabu panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa kufanya kazi Kamboja, na ikabidi nishani itengenezwe ndogo kiasi cha kuning'inia kwenye mkanda wake. Kabla yake, nishani hiyo ilikuwa ya mbwa. Hadi anastaafu mwaka uliofuata, Magawa alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Alifariki Januari 2022, na vyombo vya habari vya mabara yote vikatangaza tanzia yake. Mwaka 2025 panya mwingine wa huko huko Kamboja, Ronin, alitangazwa kuvunja rekodi yake kwa mabomu 109. Ni rahisi kuidhihaki sherehe ya namna hiyo, na kusema kweli sioni ubaya wa kuidhihaki kidogo, kwa kuwa nishani haikuwa na faida yoyote kwa Magawa, ambaye kwa hakika angechagua ndizi. Lakini mkulima wa Kamboja anayelima leo katika shamba ambalo jana lilikuwa la mauti hana haja ya kuamua kama sherehe ilikuwa ya kipuuzi.

Tunaye pia kiumbe aliyepita njia hiyohiyo kinyumenyume. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wanaonyakua vichwa vya samaki pale Feri na kumwaga majalala kunapopambazuka, si wenyeji wa pwani hii. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, wakiwa na kazi maalumu ya kula taka na kuusafisha mji. Walikula taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wa asili, vifaranga vya watu, na chochote kilichoachwa bila mfuniko. Wakavuka bahari, wakaenea pwani nzima. Tumewawekea mitego na sumu, na majirani zetu wa Kenya walitangaza mwaka 2024 kwamba wanakusudia kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Panya alianza kwenye orodha ya kuuawa akaishia na ajira. Kunguru alianza na ajira akaishia kwenye orodha ya kuuawa. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na nadhani maofisa waliowaleta wangeokoa fedha nyingi kama wangemuuliza mpishi yeyote wa Mji Mkongwe.

Nimeitaja Lushoto kwa ajili ya tauni, na ni wilaya hiyohiyo iliyotupatia kituko kikubwa zaidi cha kisayansi kilichopata kutokea nchini. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kusubiri yapoe, ndipo kuyatia kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu zilikuwa zinakwisha, na kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, akaamua kuyatia yake yakiwa ya moto, wakati mwenzake aliyatia ya baridi ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito. Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalipokea neno hilo kwa furaha, na kila alipokosea hesabu akaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kutoa mhadhara shuleni hapo, na Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yanapotiwa pamoja kwenye jokofu. Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi hapa Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi alileta taarifa ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kuchorwa ukutani katika kila maabara nchini: kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, lakini wangeendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Watu husimulia kisa hiki ili kuwacheka walimu na fundi, na mwishoni kijana huinuliwa juu kama shujaa aliyeonewa. Mimi naona usimulizi huo unalifunga daftari moja upesi mno. Fundi yule hakuwa mpumbavu. Jaribio moja linapopingana na kila kitu unachokijua, kulirudia ndiyo kazi yako hasa. Kosa lake lilikuwa katika neno "sahihi" tu, na hata kwa hilo alitamka kwa sauti kile ambacho wengi hukifanya kimyakimya. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na tangu hapo hoja haijatulia. Ikakumbukwa kwamba Aristotle aliwahi kuandika jambo linalofanana nalo, na baada yake Francis Bacon na René Descartes. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliahidi pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na kusema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba jambo hilo hutokea katika maji; inaweza kuwa tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa. Mwaka 2020, watafiti wawili wa Kanada walionyesha kwamba chembe ndogo mno zilizoanza na joto kubwa zaidi zinaweza kweli kupoa haraka kuliko zenzake, katika mazingira waliyoyapanga wao wenyewe. Leo wanafizikia wanaoshughulika na vitu vidogo kama atomu wanaandika makala zenye jina la kijana wa Magamba, na wakati huohuo hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ukitia maji ya moto kwenye jokofu lako usiku huu yatakuwa barafu kabla ya ya baridi. Mwalimu wa Mkwawa alidhani amefanya mzaha, kumbe alikuwa akilipa tawi la elimu jina lake.

Katika mtaa wetu yupo mama anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, na nilidhani kwamba mtu anayegandisha vimiminika kila siku kwa ajili ya kula yake lazima awe na msimamo katika mjadala huu. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya Mpemba kwa ufupi, nikamuuliza kama huutia ukwaju ukiwa wa moto au husubiri upoe.

"Husubiri upoe, mwanangu," alisema. "Ukitia wa moto, jokofu linanguruma usiku kucha."

Nikamweleza kwamba huenda wa moto ukaganda kwanza.

"Huenda," alisema, bila kuonyesha kushangaa hata kidogo. "Na hao wataalamu wako, uniti za LUKU walinunua za shilingi ngapi?"

Nimezipitia hoja ambazo wataalamu wamezitoa kuhusu jambo hili, ya mvuke unaopotea, ya hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ya barafu iliyo chini ya chombo, ya mahali pa kuweka kipimajoto, na sikumpata hata mtafiti mmoja aliyeliweka suala la umeme katika hesabu zake.